Vifuniko Viwili vya Alhamisi

Niliingia Mombasa nikiwa nimekalia kompyuta. Sipambi maneno. Lori lililonitoa Nairobi lilikuwa limebeba magunia ya viazi chini, magodoro katikati, juu ya magodoro kompyuta nane za mezani zilizofungwa mablanketi, na juu ya mablanketi, mimi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hazianguki.

Safari yenyewe ilianzia mbali zaidi, Kitale, siku nilipomaliza kidato cha nne na kugundua kwamba miguu yangu haitulii. Nakuru nilikaa mwaka mmoja na nusu kwa fundi wa redio, nikajifunza kulehemu bila kujiunguza. Nairobi nikaingia kwenye karakana ya ghorofani iliyonunua kompyuta zilizochoka maofisini, ikazifuta vumbi na kuziuza tena. Hapo ndipo nilipoambiwa kuna mama mmoja wa Mombasa amenunua nane kwa mpigo, naye anataka mtu wa kuzisindikiza, aziunge ziweze kuzungumza, kisha arudi zake.

Lori lilichukua siku tatu. Mtito Andei rejeta ilipasuka, tukashinda hapo tukiomba maji kwa wenye hoteli. Dereva aliniuliza kwa nini sishuki kivulini.

"Nachunga mzigo," nikamwambia.

"Unachunga tivii?"

"Si tivii."

"Zina kioo?"

"Zina."

"Basi ni tivii. Shuka unywe chai."

Tulipoteremka Mazeras hewa ilinenepa, ikaanza kunata shingoni. Kibarani harufu ya jaa ilinipokea kabla sijaiona bahari, na ndege weupe walikuwa wakigombania kitu juu ya lundo. Halafu tukavuka Makupa, maji huku na huku, nikajikuta nacheka peke yangu juu ya magodoro.

Lori halikuweza kuingia Mji wa Kale. Mahamali wawili wenye mikokoteni walizipokea kompyuta, wakaingia nazo vichochoroni wakipiga kelele, "Pisha! Pisha! Kioo hicho!" Mimi nyuma yao na kibegi changu. Wakasimama mbele ya mlango mkubwa wa nakshi wenye vibumba vya shaba vilivyochomoza kama vifundo, na kila kibumba kilikuwa kinang'aa hata nikajiona uso wangu, mchafu na mwekundu wa vumbi la Tsavo, mara ishirini.

Mwenye nyumba alitoka ukumbini. Wote walimwita Shangazi. Wawili kati ya wasichana sita waliompigia chapa walikuwa watoto wa kakake kweli, wanne waliobaki walifuata mkumbo, na mimi nikafuata wao. Aliniangalia toka utosini hadi viatuni.

"Weye ndiye fundi?"

"Ndimi. Mashine moja huenda imeumia njiani, ile ya—"

"Umeamkaje?"

Wasichana wakacheka nyuma ya mlango. Ndipo nikaelewa kwamba Mombasa habari ya mashine haisemwi kabla habari ya watu haijaisha. Nikasema salama, nikauliza hali yake, ya nyumbani, ya wasichana, na nilipomaliza akaniambia, "Haya, sasa nambie ni ipi iliyoumia. Lakini kwanza ukaoge."

Kazi ya Shangazi ilikuwa hivi. Kulikuwa na wakala wa kutoa mizigo aliyekuwa na ofisi Mbaraki, karibu na gati. Meli ilipokaribia, alileta orodha za shehena zilizoandikwa kwa mkono, kurasa kwa kurasa, nao wasichana wakazipiga chapa na kuzitoa safi. Orodha zilifika Jumatano, na ilibidi zirudi Mbaraki Ijumaa asubuhi, kabla ofisi haijafungwa kwa sala. Wasichana wale walikuwa wepesi wa vidole kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, ila wazazi wao hawakuwa tayari kuwapeleka kwenye ofisi za bandarini, katikati ya wanaume wasiowajua. Nyumba ya Shangazi ndiyo iliyokuwa ofisi yao. Kama wakala yule angeondoa kazi yake, wasichana sita wangerudi kukaa nyumbani. Hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mashine moja ilikuwa imeumia kweli, nikaigeuza ghala la vipuri. Sita zikawa za wasichana, na moja nikaifanya mtunzaji: iliweka kurasa zote na kuamrisha printa. Nikaziunga kwa waya mweusi mmoja uliopita nyuma ya kila mashine kama uzi upitavyo kwenye shanga. Kila ncha ya waya ilizibwa kwa kifuniko kidogo cha madini, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Vifuniko vile haviko pale kwa urembo. Ndani yake mna kipande kinachomeza ujumbe uliofika mwisho wa njia. Kikiharibika, ujumbe hugonga ncha ukarudi, ukapambana na unaokuja, na kila mashine ikalazimika kurudia maneno yake tena na tena.

Siku ya kwanza zilizungumza. Ya pili zilizungumza polepole. Ya tatu, msichana wa meza ya dirishani, ambaye mdomo wake haukupata likizo, alifungua ukurasa, akaona ile saa ya mchanga inageuka kwenye kioo, akatoa sindano na kofia aliyokuwa akimshonea kakake.

"Fundi, mtandao wako umekwenda sokoni," akaniambia. "Ukirudi uambie nshamaliza kofia."

Lori la kurudi Nairobi liliondoka bila mimi. Nilimwambia Shangazi nahitaji wiki mbili.

Wiki mbili zile nilizifurahia kama mtoto aliyepewa saa aifungue. Mashine zilikuwa kuukuu, na hatukuwa na njia ya kupata mpya, kwa hiyo kila wepesi ulibidi utoke ndani yake zenyewe. Nilizifungua moja moja, nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli mpaka ukumbi mzima ukapiga chafya. Kadi zinazoshika waya nilizing'oa, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli, maana hewa ya chumvi ilikuwa tayari imeanza kuyala. Kumbukumbu za ile mashine iliyokufa nikampa mtunzaji, akawa na kichwa cha watu wawili. Nilikuta mguu wa meza umekanyaga waya, nikauinua. Nilikuta waya umelala sambamba na ule wa pangaboi, nikautenga. Nikagundua pia kwamba kila mashine ilikuwa imewekewa lugha tatu za kuzungumzia, na kila ikitaka kusema neno ilijaribu zote tatu kwanza. Nikaziachia moja.

Vita vilitokea nilipoondoa samaki. Mashine ikikaa bila kuguswa, kwenye kioo walitokea samaki wa rangi wakiogelea, na samaki wale walikuwa wakila nguvu za mashine bure.

"Samaki wangu wako wapi?" akapiga kelele yule wa dirishani.

"Nimewatoa. Walikuwa wanakuchelewesha."

"Weye mtu wa bara, huli samaki, basi wataka na sisi tusiwaone?"

Ikanibidi nimrudishie mmoja, picha tu, asiyeogelea. Aliridhika nusu.

Jumamosi ya kwanza baada ya kazi hiyo mambo yalikuwa mazuri kupita nilivyotumaini. Ukurasa uliochukua muda wa kushona shada zima la kofia ulifunguka kabla sindano haijachomolewa. Jumatatu vivyo hivyo. Jumanne, Jumatano, raha tupu. Alhamisi asubuhi, raha. Alhamisi baada ya mapumziko ya mchana, mtandao ukaanguka kama mtu aliyeshiba pilau. Saa ya mchanga ikageuka na kugeuka. Printa ikatoa nusu ukurasa, ikawaza, ikatoa mstari mmoja. Ijumaa orodha zilifika Mbaraki baada ya sala, na wakala aliinua tu saa yake ya mkononi akamwonyesha Shangazi.

Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Jumamosi mtandao ukapona wenyewe, na Alhamisi mchana ukaanguka. Safari hii wakala alisema. Alisema ana jamaa Ganjoni mwenye mashine mpya, na kwamba meli ijayo ndiyo ya mwisho kusubiri. Shangazi alirudi, akavua buibui, akaketi bila kuagiza kahawa. Hapo nikajua mambo yameharibika, kwani Shangazi aliagiza kahawa hata kwa matanga.

"Mbona Alhamisi?" akaniuliza.

Niliinama kuukagua waya tena. Jibu walikuwa nalo wasichana. Alhamisi jioni, walisema, majini hutembea. Aliyekubaliana nao kwa moyo wote alikuwa Bibi.

Huyu Bibi nilikuwa bado sijamzoea. Alikuwa mwanamke aliyevuka umri wa makamo, mwembamba, mwenye hina vidoleni siku zote, aliyemlea Shangazi toka utotoni na sasa akiitawala nyumba. Vumbi halikupata kutua mahali mara mbili mbele yake. Alizifunika kompyuta kwa vitambaa vya kufuma kila jioni na kuzifunua asubuhi, nami nilimwomba tu asizifunike zikiwa zinafanya kazi, kwani zingepata joto. Alikubali. Alisema hata yeye hafuniki sufuria jikoni inapochemka sana.

"Someni Yasin humu ndani," akatuambia sasa. "Na fundi naye akae karibu asikie, haitamdhuru."

Ikasomwa. Nilikaa karibu. Haikunidhuru.

Alhamisi ya tatu, ile ya mwisho, wasichana walizima mashine saa sita na nusu wakaenda kula na kusali, kama kila siku. Kwa kawaida nami nilikwenda mkahawani kula mbaazi na mahamri. Siku ile sikwenda. Nilijilaza nyuma ya meza na tochi, nikiukagua waya shibiri kwa shibiri, na kwa joto lile nadhani nilisinzia, kwani kilichoniamsha ni nyayo. Nikaona miguu miwili yenye hina. Ikapita polepole mpaka mwisho wa meza. Mkono ukashuka nyuma ya mashine ya mwisho, ukashika kifuniko changu, ukakizungusha kwa ustadi, kikatoka. Miguu ikaja upande wangu. Nikabana pumzi. Mkono ukakitoa na cha pili, sentimita chache kutoka puani mwangu, miguu ikaondoka.

Nikamfuata hadi uani. Bibi alikuwa ameketi kwenye kibao, na mbele yake, juu ya mkeka, shaba ya nyumba nzima: dele la kahawa, kinu, sinia, chetezo, vikombe vya kunawia. Kando palikuwa na ndimu zilizokatwa na bakuli la majivu. Alhamisi ndiyo siku ya kusugua shaba, ili Ijumaa iikute nyumba inawaka. Aliusugua mlango asubuhi, na vya ndani mchana. Na katika kijibakuli cha maji ya ndimu, vikiwa vimezama kama kokwa za ukwaju zilizokosea nyumba, mlikuwa na vifuniko vyangu viwili.

"Bibi," nikasema, "hivyo ni vya mashine."

Hakushtuka hata kidogo. "Najua ni vya mashine. Na hili dele ni la kahawa. Nisilisugue?"

"Tangu lini unavitoa?"

"Tangu Alhamisi ya kwanza uliyovifunga. Navitoa wakienda kula, navirudisha kabla hawajarudi. Chumvi ya hapa haina huruma, vilikuwa vyafubaa. Wakala aje aone kitu kimefubaa nyumbani kwa mwanangu? Mimi ningali hai?"

Alikichukua kimoja, akakichovya majivuni, akakisugua kwa kumbi la nazi, akakipuliza, akanionyesha. Ulikuwa usafi wa ajabu. Nadhani hakuna mtandao mwingine duniani uliokuwa na vifuniko safi namna ile. Na ndani yake, ndimu na majivu vilikuwa vinakula kipande kile kinachomeza ujumbe. Kikiwa kibichi kilishindwa kazi, na kufikia Jumamosi, kikikauka, kilijikokota tena.

Ningecheka, lakini ilikuwa saa saba kasoro, na nusu ya orodha ilikuwa bado.

Vifuniko vile vilikuwa vimekufa. Kwenye gunia la vipuri nilipata kimoja kizima na kingine kilichokufa zamani. Cha pili kizima sikukipata, na Mombasa nzima sikujua pa kukiulizia. Ndipo nilipomkumbuka fundi wangu wa Nakuru. Nilikimbia kwa muuza redio kuukuu barabara ya pili, nikamwomba anichomolee rezista, kile kipande cha kumeza umeme, kwenye maiti ya redio yoyote, yenye rangi nilizomtajia. Alipekua tatu kabla ya kuipata, huku akinihoji nyumbani kwetu ni wapi na kama kuna samaki huko. Nikakivunja kimoja cha vifuniko alivyosugua Bibi, nikakwangua ndani mpaka pakawa pakavu, nikailehemu rezista mahali pake, Bibi akinishikia tochi bila kujua alikuwa akinishikia kwa nini.

"Wafanya kazi umesimama," akaniambia.

"Ni haraka, Bibi."

"Basi keti chini. Asiyeketi hawezi kusugua."

Nikaketi. Lehemu ikashika.

Wasichana waliporudi nilishaviweka vyote viwili. Yule wa dirishani alitandaza kofia yake magotini kabisa, akabonyeza, akaangalia juu kama mtu aliyeitwa jina.

"Umefunguka," akasema.

"Bonyeza mwingine."

"Umefunguka! Enyi, huu umefunguka!"

Wakapiga chapa mchana ule kana kwamba kuna harusi. Printa haikuwaza hata mara moja. Adhana ya magharibi ilipoanza, ukurasa wa mwisho ulikuwa bado una joto mkononi mwa Shangazi, naye akaagiza kahawa. Ijumaa asubuhi nilimsindikiza Mbaraki. Wakala alikuwa bado anafungua madirisha. Alizipokea karatasi, akaangalia saa yake, akaigongagonga kidogo kana kwamba imesimama, kisha akatoa orodha za meli inayofuata na kumkabidhi Shangazi. Shangazi alimwuliza hali ya watoto wake kwa urefu kuliko kawaida.

Njiani nilimweleza habari ya ndimu. Alisimama katikati ya barabara akacheka mpaka mwenye mkokoteni akamwomba radhi apite.

"Utamkataza?" nikamwuliza.

"Mimi? Bibi ndiye aliyenifundisha kutembea. Mkataze weye."

Nami sikuthubutu. Ungeanzaje kumwambia mtu kama yule kwamba usafi wake ulikuwa ndio ugonjwa? Nikafanya nililoweza. Vifuniko vinavyofanya kazi nilivizungushia utepe mweusi, visionekane kuwa na madini yoyote. Vile vibovu, kimoja alichokisugua Bibi na kingine cha gunia la vipuri, nikavitundika kwenye vikulabu viwili ukutani, karibu na mtunzaji, mahali pa kuonekana. Nikamwambia Bibi nimevihamisha.

Akaviangalia. "Hapo vitapendeza," akasema.

Toka siku hiyo Alhamisi ikawa siku kama nyingine. Bibi alivitoa vikulabuni kila wiki, akavisugua, akavirudisha vinawaka. Wageni walioingia walidhani ni vitu vya thamani. Wakala mwenyewe alipokuja siku moja, alivitazama kwa heshima, akauliza kama ndivyo vinavyoleta kasi. Shangazi akamjibu kwamba bila vile nyumba isingekwenda.

Wiki mbili zangu ziligeuka kuwa karibu miaka miwili. Nilijifunza kusalimia mpaka mwisho, nikajifunza kula samaki bila kumeza mwiba, na yule wa dirishani akanipa kofia, ile ile aliyoishona wakati wa kungoja, kwani kakake hakuwahi kuifurahia. Lakini mashine zikawa zinakwenda tu. Kila mwezi nilipuliza vumbi, nikasugua meno ya kadi kwa raba, sikupata la zaidi. Wasichana wawili nilishawafundisha kazi yote, hata kulehemu. Miguu ikaanza kuniwasha. Niliposikia kuna lori la kwenda Garissa kupitia Nairobi likihitaji mtu wa kukaa juu ya mzigo, nilijua.

Siku ya kuondoka niliwaaga wote ukumbini. Bibi nilimkuta uani, kwenye kibao chake, ndimu na majivu pembeni. Aliniambia nikae. Akanyoosha mkono, kiganjani vifuniko viwili.

"Hivi havifanyi kazi," akasema.

"Bibi, mimi—"

"Nasafisha nyuma ya meza zile kila siku, mwanangu. Wadhani sikuona utepe mweusi? Nilijua toka wiki ile ile."

"Na ukaendelea kuvisugua?"

"Uliviweka ili nivisugue. Ningekuvunja moyo?" Akacheka, akakichovya kimoja majivuni. "Na vyapendeza ukutani. Uliniogopa, eh?"

"Nilikuogopa."

"Vizuri. Kimoja chukua, kimoja niwachie. Sitaki kulabu zote mbili zikae tupu."

Akamalizia kukisugua, akakifuta kwa upindo wa leso, akaniwekea mkononi. Nilipotoka kwa ule mlango wa shaba ilikuwa saa nane mchana, Alhamisi, saa mbaya ya zamani ya mtandao. Nikasimama kidogo kichochoroni kusikiliza. Ndani printa ilikuwa inalia mfululizo, ukurasa baada ya ukurasa, na sauti ya yule wa dirishani ikimhimiza mwenzake aongeze karatasi upesi. Nikaenda zangu kulitafuta lori, vidole vyangu vikinuka ndimu mpaka tulipovuka Makupa na harufu ya Kibarani ikaifuta.